Anatukodisha nyumba ya ruzuku, kisha anatuambia hatuna bahati

Wanajamvi, naandika hasira ikiwa bado mbichi. Yule bwana mnamfahamu, hasa nyinyi mnaoishi katika mtaa wetu huu mpya wa nyumba za bei nafuu hapa Nairobi, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Asubuhi ya leo amesimama mlangoni na kunitangazia kwamba kodi itapanda kutoka shilingi 17,000 hadi 22,000. Nilipomuuliza anaipandishaje kodi ya nyumba aliyouziwa kwa bei ya chini ili aishi ndani yake, alinijibu mbele ya wanangu: "Ungekuwa na bahati, ungepewa yako."

Ningekuwa na bahati! Mimi ninayekatwa kila mwezi tozo la kujengea nyumba hizi, asilimia 1.5 ya mshahara wangu kabla sijaushika, na mwajiri wangu akaongeza kiasi hichohicho! Kwa mshahara wa shilingi 40,000, hizo ni shilingi 600 zangu na 600 za mwajiri, na sina shaka kwamba fedha za watu kama mimi ndizo zilizonunua saruji ya ukuta ule aliouegemea akiniambia sina bahati. Kiburi alichokuja nacho kingejaza ghorofa zote na kubaki kingine cha kuwekwa juu ya paa.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamzuia mnunuzi kuiuza nyumba hii bila idhini ya maandishi ya bodi inayosimamia nyumba hizi. Ikiwa kuiuza kunahitaji idhini, kwa nini kuikodisha kwa bei ya soko kuwe siri kati ya mtu na mfuko wake? Asiyetaka kuishi humo airudishe, apewe anayengoja. Na mbele ya watoto wangu, jamani! Ati bahati!

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana, ndugu. Hili si geni. Mwaka 2009 wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa magorofa ya Lang'ata, na haukupita muda mrefu kabla ya baadhi yao kuwapangishia wengine vyumba na kurudi vibandani, kwa sababu kodi ile ndiyo iliyokuwa riziki yao. Hao nawaelewa. Huyo wako mwenye gari mbili simwelewi hata kidogo.

Mchangiaji wa pili: Wewe unayelalamika ndiwe uliyemlipa kila mwezi ukijua nyumba ni ya ruzuku. Kiburi chake umekilisha mwenyewe, na sasa kimenenepa unashtuka.

Mwenye uzi: Ningehamia wapi, na shule ya watoto iko ng'ambo ya barabara? Hata kama ningemlipa kwa dhahabu, hilo halimpi ruhusa ya kuniambia sina bahati.

Mchangiaji wa tatu: Tusiwahukumu wote kwa kosa la mmoja. Mwajiri wangu amenihamishia Kisumu na nyumba yangu ingali na deni la kulipwa kila mwezi. Niiache tupu iote ukungu? Mwenye sababu ya kweli aruhusiwe kupangisha, lakini kodi isizidi kile anachokilipa yeye.

Mchangiaji wa nne: Nyinyi angalau mna nyumba za kugombania. Mimi ni mwalimu huku Turkana, na hilo tozo lenu nalikatwa bila kukosa. Mahakama Kuu ilisema Novemba 2023 kwamba halikuafiki Katiba, Bunge likapitisha sheria nyingine Machi 2024, nasi tukaendelea kukatwa. Nani atanirudishia fedha zangu?

Mchangiaji wa tano: Mwalimu, afadhali wewe una karatasi ya mshahara. Sisi tunaouza mboga tunadunduliza amana ya kuombea nyumba hizo, na kila tukikaribia kuifikia, karo inaibeba.

Mchangiaji wa sita: Hiyo karo nayo ifunguliwe uzi wake, Mama, maana shule ya binti yangu imeongeza tena muhula huu.