Naomba ushauri: nistaafu kwa hiari sasa au nisubiri miaka 60?

Habari za majukumu, wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari ya serikali yenye kidato cha tano na sita, wilayani Rungwe. Nina umri wa miaka 56, kwa hiyo kustaafu kwa hiari ninaruhusiwa, na nimefundisha miaka 30 mfululizo. Kuingia darasani bado ninakupenda. Kinachonichosha ni kusahihisha, maana mkondo mmoja wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) ukiandika insha tatu tatu ninabaki na rundo ambalo, kwa baridi ya Juni huku kwetu, ninalisahihisha nimejifunika blanketi hadi usiku wa manane, na macho hayana nguvu tena. Mume wangu anataka niondoke sasa, nichukue mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa kwa mara moja, tupande maparachichi. Mkuu wa shule ananisihi nisubiri kwa kuwa daraja langu jipya la mshahara limetoka mwaka huu. Naomba mawazo, hasa ya waliokwisha kustaafu.

Mstaafu wa Tukuyu:
Pole na kazi, mwalimu mwenzangu. Anza na kikokotoo. Pensheni ya mwaka ni miezi uliyochangia, mara wastani wa mshahara wa mwaka, gawanya kwa 580. Na wastani huo ni wa miaka mitatu yenye mshahara mkubwa zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho, hivyo ukiondoka leo daraja jipya halitakusaidia sana. Miezi 360 inakupa takribani asilimia 62 ya mshahara. Ukishatoa mkupuo wa asilimia 40 ya pensheni hiyo, ambao mwaka 2024 ulipandishwa kutoka 33 kwa sisi tuliotoka mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF, kila mwezi utabaki na kama asilimia 37 ya mshahara. Ukifika miaka 60 ni kama asilimia 42, tena ya mshahara mkubwa zaidi.

Binti wa Mufindi:
Shikamoo, Mwalimu. Lolote utakaloamua, kakague jalada lako mapema. Mama yangu, naye mwalimu, alisubiri mafao yake kwa muda mrefu kwa sababu tarehe ya kuzaliwa kwenye barua ya ajira haikulingana na ile ya barua ya kuthibitishwa kazini. Hakikisha pia kwamba michango ya kabla ya mwaka 2018, mifuko ya pensheni ilipounganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, inaonekana yote.

Mkulima wa Njombe:
Mama, shemeji anisamehe, lakini mkupuo wote usiuzike shambani. Mche wa parachichi aina ya Hass uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, na mavuno ya maana huja baadaye, huku mbolea na vibarua vikidai fedha kila msimu. Pandeni ekari moja sasa, mshahara ukiwa bado unaingia.

Mwenye mada:
Asanteni sana. Mume wangu nimemwonyesha ile asilimia 37 naye ameomba tuzungumze upya. Jalada nitalifuatilia wiki hii katika ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Limebaki la insha: yupo aliyewahi kuomba apunguziwe mikondo bila kuonekana ameichoka kazi?

Mstaafu wa Tukuyu:
Mimi niliomba, kwa barua, nikaambatanisha cheti cha daktari wa macho. Nilibaki na kidato cha tano, na kidato cha sita akapewa kijana ambaye kwa muhula mzima tulisahihisha naye meza moja ili alama zetu zisipishane. Andika kabla ratiba ya muhula ujao haijapangwa, kwa sababu ikishabandikwa, mtaaluma, yaani mwalimu anayepanga ratiba, hataigusa.