Jike mmoja hadhuriki na minyoo ilhali wenzake wanakufa: nimweke mwanawe awe beberu wa zizi?

Mfugaji, Micheweni (Pemba)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninafuga mbuzi wa kienyeji, na kwa sasa ninao 14. Kwa miaka 2 nimekuwa nikiwanywesha wote dawa ya minyoo ya albendazoli kila mwezi, lakini masika yaliyopita nilipoteza wanne, watatu kati yao wakiwa vitoto vilivyokwisha kuachishwa maziwa. Wote walidhoofu, kope zao kwa ndani zikawa nyeupe, kisha wakavimba chini ya taya, ijapokuwa hawakuharisha. Kuna jike mmoja mweusi, aliyekwisha kuzaa mara 4, anayefungwa kamba pale pale wanapofungwa wenzake, ambaye sijapata kumwona akidhoofika, na wanawe wawili nao wamesalimika. Je, dawa imeshindwa kazi? Na je, uzima wa jike huyu ni jambo la kurithiwa, kiasi cha kumweka mwanawe awe beberu wa zizi, au niendelee na azma yangu ya kununua beberu mkubwa kutoka Bara?

Bwana mifugo, Unguja

Wa alaykumu salamu. Pole sana kwa hasara hiyo. Weupe wa kope na uvimbe wa taya pasipo kuharisha huashiria zaidi mnyoo unaonyonya damu katika tumbo la nne, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa Haemonchus contortus. Mnyoo jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku, na katika joto na unyevu wa masika mayai hayo huweza kutoa vijiminyoo vilivyo tayari kuambukiza kwa muda wa wiki moja hivi. Vijiminyoo hivyo hupanda jani lililolowa, na vingi hubaki karibu na ardhi, kwa hiyo mbuzi anayefungwa pahali pamoja siku nyingi huishia kula juu ya kinyesi chake mwenyewe.

Kuhusu dawa, kila unapowanywesha wote kwa pamoja, minyoo inayosalia ni ile tu isiyouawa na dawa hiyo, nayo ndiyo inayoendeleza kizazi. Huo ndio usugu wa minyoo. Hata hivyo, kabla ya kuihukumu dawa, tazama kipimo ulichotumia: mbuzi huiondoa dawa mwilini upesi kuliko kondoo, na kwa jamii ya albendazoli huhitaji takribani mara 2 ya kipimo cha kondoo. Usiifanyie levamisoli, dawa nyingine ya minyoo, vivyo hivyo, kwani ikizidi kidogo tu humdhuru mnyama, wala usimpe albendazoli jike mwenye mimba changa. Peleka kinyesi kikahesabiwe mayai siku ya kunywesha, na tena baada ya siku 10 hadi 14. Mayai yakipungua kwa chini ya asilimia 95, hapo una sababu ya kushuku usugu.

Sasa nije kwa jike wako, ambaye kwangu mimi ndiye habari kubwa katika maelezo yako. Wapo mbuzi ambao kinga ya miili yao huizuia minyoo isishike wala isitage kwa wingi, na sifa hiyo hurithiwa kwa kiasi fulani. Katika utafiti uliofanywa Diani, pwani ya kusini ya Kenya, kwenye hali ya hewa inayokaribiana na yetu, mbuzi wadogo wa kienyeji wa Afrika Mashariki walionekana kuikinza minyoo kuliko mbuzi wa Galla, ambao ni wakubwa zaidi na asili yao ni nchi kavu. Kwa sababu hiyo ningekusihi usimlete beberu mkubwa wa Bara kwa kuvutiwa na umbo lake peke yake.

Lakini uzima wa kuonekana kwa macho hautoshi. Yuko mbuzi anayeikinza minyoo, na yuko anayeistahimili tu: huyu wa pili hunawiri huku akimwaga mayai malishoni na kuwaua vitoto vya wenzake. Ni hesabu ya mayai pekee itakayokuonesha jike wako ni yupi kati ya hao. Mpime kabla hujampa dawa, na kama ana mimba mpime tena akishazaa, kwa kuwa wakati huo kinga hushuka na mayai huongezeka.

Mfugaji, Makunduchi

Ninaongeza la shambani. Mimi niliacha kuwanywesha wote. Wakati wa masika huwafunua kope kila baada ya wiki 2 kwa kutumia kadi ya rangi ya FAMACHA iliyobuniwa Afrika Kusini, yenye daraja 1 (kope nyekundu) hadi 5 (kope nyeupe); wa daraja la 4 na la 5 hunywa dawa, na vitoto na wenye mimba hunywa tangu daraja la 3. Kila anayenyweshwa huandikwa daftarini, na jike anayejirudia mara kwa mara simzalishi tena. Asubuhi siwatoi mpaka umande ukauke, na mvua zikizidi hubaki kwenye banda la uchanja nikiwakatia majani ya mfenesi.

Mfugaji, Micheweni (Pemba)

Nawashukuru nyote. Naogopa kidogo kuwaacha wengine bila dawa. Je, hao hawatawaambukiza wenzao?

Bwana mifugo, Unguja

Watadondosha mayai, ndiyo, lakini yatakuwa ya minyoo ambayo bado inauawa na dawa, na hiyo itachanganyika na ile sugu na kuipunguza nguvu malishoni. Sharti lake ni kwamba ukaguzi wa kope usikose hata mara moja wakati wa mvua. Na huyo dume, iwapo mama yake atapimwa na kuonekana ana mayai machache, usimwache ampande mama yake wala dada zake. Badilishana beberu na jirani ambaye naye amewapima mbuzi wake.