Ushauri: Unguja hadi Ujiji kwa siku 12, inawezekana?

KijanaWaKusini: Assalaam alaykum wana jukwaa. Naombeni ushauri wa haraka. Nataka kufuata njia ya Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, kuanzia hapa Unguja: nyumba yake pale Shangani, kanisa la Mkunazini, Bagamoyo, Tabora kwenye lile tembe la Kwihara, mwisho Ujiji. Siku 12 kwenda na kurudi. Zinatosha? Na treni ya Kigoma ina vitanda? Leo siku ya nne usingizi hauji.

BaharoMalindi: Waalaykum salaam. Ukiwa peke yako na begi moja zinatosha. Boti ya asubuhi, muda wa saa mbili hivi baharini, mapema tu uko Dar. Treni ya kisasa itakufikisha Dodoma. Kutoka hapo ni reli ya zamani au basi. Mie nilipanda ile ya zamani 2011, daraja la tatu. Kuku wa jirani yangu alitaga chini ya kiti changu usiku, tukabishana mpaka Dodoma yai la nani. Alilichukua yeye.

MwalimuMstaafu: Kijana, kwanza tuweke sawa. Safari yake ya mwisho Livingstone hakupita Bagamoyo kwenda bara. Alifika Unguja Januari 1866, Machi akaondoka kwa meli kwenda kusini, akaingilia upande wa Ruvuma. Njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ni ya misafara ya Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi, ilikuwepo kabla ya mzungu yeyote. Wapelelezi Burton na Speke waliifuata 1857, Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyemtafuta Livingstone, 1871. Livingstone aliingia Bagamoyo maiti, Februari 1874. Alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakamtoa moyo wakauzika chini ya mti, wakamkausha juani, wakamfunga kwenye gome la mti na turubai, wakambeba miezi tisa hivi. Kwa hiyo hata jina la safari yako ubadilishe.

Bi_Zaitun_Wete: Maalim kasema vizuri, lakini mie nimekwama kwenye usingizi. Mtu hakosi usingizi siku nne kwa habari ya treni. Mwanangu, unakwenda na nani, na pesa ya nani?

KijanaWaKusini: Na wageni wawili tu, bi mkubwa. Mume na mke, watu wazima.

Bi_Zaitun_Wete: Wazima kiasi gani?

KijanaWaKusini: Mume ana miaka 71. Goti linamsumbua kidogo, si sana.

BaharoMalindi: Leseni ya kutembeza wageni unayo?

MpembaHalisi: Kaingia mitini.

KijanaWaKusini: Sijaingia mitini, nilikwenda kuswali. Haya, nasema. Leseni sina, mie papasi, natembeza wageni bila kibali. Nilikutana nao Forodhani, tukazungumza, wakasema wanatafuta mtu wa kuwapeleka mpaka Ujiji. Nikawaambia nimeshakwenda mara tatu. Sijawahi kuvuka Dar. Wamenilipa nusu, na hiyo nusu nimemnunulia mama bati, nyumba ilikuwa ikivuja tangu masika. Lakini msinihukumu. Nimesoma sana, ramani ninayo, na Kiswahili kinanifikisha popote bara. Tena nimeshazungumza na nahodha mmoja wa jahazi atuvushe Bagamoyo moja kwa moja, maana wageni wanataka kuvuka kama wakina Stanley.

BaharoMalindi: Jahazi futa kabisa. Chombo cha mizigo hakichukui abiria, sembuse mgeni. Na pwani ya Bagamoyo maji ni mafupi, yakitoka chombo kinakaa mbali. Unashuka unatembea, maji ya mapaja, tope chini. Huyo mzee na goti lake utambeba wewe?

MpembaHalisi: Muacheni. Stanley naye alikuwa hajawahi kufika Ujiji. Tena alifika Unguja Januari 1871 pesa ya gazeti lake haijafika, akakopa. Tofauti ni kwamba hakumuezekea mama yake.

Bi_Zaitun_Wete: Mnacheka, na mtoto kala amana ya watu. Bati za mama ni jambo jema, lakini huyo mama anajua analala chini ya pesa ya nani?

KasukuWaMkunazini: Ngojeni kwanza. Nyumba ya Livingstone "pale Shangani"? Papasi gani wa mjini asiyejua kuwa iko Kinazini? Shangani iko nyumba ya Tippu Tip. Yakhe, hii kaitunga mtu yuko Dar anakunywa chai na kutusoma. Bati za mama ndiyo chumvi ya mwisho.

Bi_Zaitun_Wete: Na mie nishamuombea dua!

KijanaWaKusini: Mie mtu wa Makunduchi, mjini nina miaka miwili. Wageni nawapeleka Jozani na ufukweni. Habari ya Shangani nimeambiwa na mwenzangu.

KasukuWaMkunazini: Kanisani Mkunazini umeingia? Nguzo zina nini?

KijanaWaKusini: Za nyuma, karibu na mlango, zimesimamishwa kichwa chini miguu juu. Wanasema mafundi walizigeuza Askofu Steere, aliyelijenga kanisa, akiwa safarini. Kwenye madhabahu kuna duara la marumaru jeupe, ndipo ulipokuwa mti wa kufungia na kuchapia watumwa. Kuna na msalaba wa mbao za ule mti uliozikiwa moyo wa Livingstone. Wale wageni niliwapeleka siku ya pili. Yule mke aliinama akaligusa lile duara kwa kidole kimoja, akakifuta kidole kwenye gauni lake, hakusema neno mpaka tulipotoka nje kwenye jua.

KasukuWaMkunazini: Nguzo na duara zimo mtandaoni. Hicho kidole ndicho sijui nikifanyeje.

MwalimuMstaafu: Waandikie leo usiku, wajue hujawahi kufika. Hata ungekuwa na leseni ya hapa isingekufaa bara, utalii si jambo la Muungano. Watake mtu wa huko mwenye kibali chake, wewe uende kama mkalimani, kama bado watakutaka. Au ifupishe: mjini, Dar, kisha Bagamoyo, ule mnara wa misheni ulipolazwa mwili kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London. Ujiji kwa goti lile ni mbali, na ukifika unaona mnara, makumbusho na miembe, ziwa lenyewe limesogea nyuma.

KijanaWaKusini: Nikiwaambia watadai pesa yao, maalim. Na bati zimeshapigiliwa misumari.

MpembaHalisi: Wapeleke Makunduchi wakazione. Kituo cha kwanza cha njia.

MwalimuMstaafu: Kesho baada ya laasiri nitakuwa Kinazini, nje ya ile nyumba. Njoo na ratiba yako, na hiyo barua tutaiandika pamoja.

KijanaWaKusini: Nitakuja inshallah, maalim. Nikitokea Darajani iko mkono gani?

KasukuWaMkunazini: Mnaona?