Konokono wa chini ya migomba

Kikundi: Ukoo wetu, Jinja

Mama Mdogo: Asalaam aleikum nyote. Kijana wangu analia tangu jana jioni. Baada ya mvua alimkanyaga konokono, ganda likapasuka. Sasa ameokota kombe tupu ziwani, anataka amhamishie humo. Itawezekana?

Shangazi: Wa aleikum salaam. Tafadhali mzuie! Konokono ameshikana na ganda lake kwa msuli, ukimng'oa atakufa. Alitoka nalo kwenye yai, na kila akikua huliongeza pale mdomoni. Mwambie atazame ile ncha ya katikati, ndipo palipokuwa udogo wake.

Kaka: Mbona kuna kaa anayehamahama makombe?

Shangazi: Huyo ni wa baharini, tumbo lake ni laini, anaazima makombe ya konokono waliokufa. Konokono mwenyewe haazimi.

Mama Mdogo: 📷 Ona ufa wenyewe.

Shangazi: Alhamdulillahi, nyama haijatoboka. Mwekeni kivulini penye unyevunyevu, mmpe maganda ya mayai yaliyosagwa. Ganda lake ni chokaa, ataliziba kwa ndani.

Bibi: Ndiyo maana makombe ya ziwani tunayasagia kuku. Wakiyakosa, mayai yanatoka laini.

Shangazi: Hasa, Mama. Chokaa ile ile.

Kaka: Na kobe je?

Shangazi: Kobe ni mwenzetu, ana mifupa. Uti wa mgongo na mbavu zake vimeungana na gamba, hawezi kulivua kama shati. Na mabega yake yamo NDANI ya mbavu! Jishike bega, uone yako yalivyo nje. Nafundisha hili kila mwaka na bado nastaajabu.

Bibi: Senene nao?

Shangazi: Hana mfupa hata mmoja. Ugumu wote uko nje, misuli imejishika kwa ndani. Vazi lile halitanuki, kwa hiyo akiwa mdogo hulivua mara kadhaa. Tunaowakaanga sisi wameshakua, wana mbawa, hawajivui tena.

Mama Mdogo: Kijana anauliza, ganda litaunga kama mkono wake ulivyounga mwaka jana?

Shangazi: Mkono wake uliunga kwa sababu mfupa wenyewe uko hai, una damu. Ganda halina damu. Ngozi iliyo chini yake ndiyo inayolitengeneza, taratibu. Patabaki kovu.

Mama Mdogo: Ametoa pembe! Yuko juu ya ganda la yai, analikwangua. Kijana amelala chini kifudifudi, anamtazama.