Binti katengwa kanisani, aliyempa mimba kakaa meza kuu na mheshimiwa. Maadili gani haya?

Wakuu, salaam.

Hili nimeliandika nikalifuta mara tatu. Leo sifuti.

Mimi ni Mkristo. Nimebatizwa na kupata kipaimara kijijini kwetu Mufindi, na kwaya nimeimba miaka. Asije mtu kuniambia nimetumwa na maadui wa kanisa.

Mwaka jana binti wa kaka yangu, miaka 16, kidato cha pili, alipata mimba. Jumapili moja ya Juni, baada ya matangazo ya michango, mzee wa kanisa alifungua daftari akasoma jina la mtoto, lote, mpaka la babu. Akaitwa mbele. Wanaojua Juni ya kwetu wanajua ule ukungu unaokaa mpaka saa nne. Mtoto alisimama kwenye sakafu ya saruji na sweta lake la shule, maana ndilo la joto alilo nalo, anavuta pindo lifunike tumbo, linapanda, anavuta tena. Mchungaji akatangaza ametengwa, haruhusiwi meza ya Bwana mpaka atubu na kurudishwa kundini. Mama yake akavuliwa uongozi wa akina mama kwa kushindwa kulea.

Aliyempa mimba ana miaka arobaini na kitu, ana mke, anafanya biashara ya mbao. Kijiji kizima kinajua. Siku hiyo alikuwa benchi la pili, na jina lake nalo lilisomwa: ndiye aliyetoa mbao za kenchi za kanisa jipya. Watu wakampigia makofi, dakika kumi kabla mtoto hajaitwa.

Kaka alikwenda polisi, akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, akazungushwa. Kisha usiku wakaja wazee watatu nyumbani, wawili wa kanisa na mmoja wa chama, wakasema haya mambo tuyamalize kifamilia, msimharibie mtu jina. Mtoto alipohojiwa na babu yake amekaa pembeni, akasema mwenye mimba hamjui. Jalada likalala. Na sheria ipo! Tangu 1998 binti wa chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa, huo ni ubakaji na kifungo chake si chini ya miaka 30. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ikaongezewa miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Wale wazee watatu wanaijua vizuri, ndiyo maana walikuja usiku.

Septemba ikawa harambee. Mheshimiwa akaja na mifuko ya saruji, akapewa kipaza sauti. Alizungumza karibu saa nzima kuhusu maadili yanavyoporomoka: sketi fupi, nyimbo za wasanii, ushoga, tamaduni za nje. Mchungaji anaitikia amina, akina mama vigelegele. Mwenye mbao alikuwa meza kuu, kiti cha pili kutoka kwa mheshimiwa. Kaka yangu akainuka akaenda kusimama kwenye migomba nyuma ya kanisa. Nilimfuata. Hakusema kitu.

Simlazimishi mtu kupenda asichokipenda. Ninachodai ni hasira hiyohiyo kwa mtu mwenye fedha. Februari 2023 vitabu 16 vilipigwa marufuku shuleni kwa ajili ya maadili, na kelele zilisikika kila kona. Lakini Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa na miaka 15, au 14 kwa kibali cha mahakama, ni kinyume cha Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa 2019. Miaka ikazidi kupita bila Bunge kurekebisha. Ni mimbari ngapi mmesikia zikilia kwa hilo? Mheshimiwa yupi alipandisha sauti?

Tena mkoa wetu huu wa Iringa unaolisha nchi, mahindi, viazi, maharage, maziwa, takwimu za 2022 zinasema watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 57. Taifa zima ni 30. Sijawahi kusikia mahubiri hata ya robo saa kuhusu hilo. Ya suruali za mabinti nimeyasikia mpaka nimeyakariri.

Nabii Nathani alipotumwa alimwendea Daudi, mfalme aliyemchukua Bathsheba, mke wa mtu, akamwambia usoni kwamba mwenye kosa ni wewe. Hakumsimamisha yule mwanamke mbele ya watu. Wachungaji wetu wanaisoma hiyo sura kila mwaka.

Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mabinti waliojifungua warudi shule. Wetu amejifungua salama, mtoto mzima, lakini shule hataki. Anasema, "Shangazi, wote walisikia jina langu."

Sasa mchungaji ametuma ujumbe: Jumapili ya mwisho wa mwezi ni ibada ya kurudi kundini, binti aje asimame atubu. Kaka kaniuliza amlete au asimlete. Nimempigia mchungaji mwenyewe nikamwambia binti yetu atasimama pale siku mwenye mbao atakaposimamishwa pembeni yake, jina lake lisomwe lote, mpaka la babu. Akasema dada, tutaongea.

Ni wiki ya pili leo, simu yake inaita haipokelewi. Jumapili naenda Mufindi.