Nipige mchanga chesisi ya AEC Mammoth Major kabla ya kujua historia yake?

Mwenye_lori

Ndugu zangu, nimepata lori la AEC Mammoth Major Mark III, lenye ekseli nne, la kampuni ya Uingereza ya AEC, ambalo limekaa nje kwa miaka mingi. Bamba la utambulisho limeng'olewa, hati zimepotea, na injini niliyoikuta si ya AEC bali ni Gardner 6LX, ya dizeli kutoka kampuni nyingine. Fundi anayenisaidia anashauri tuishushe kabini, tupige mchanga chesisi (fremu ya chuma inayobeba lori), yaani tuirushie mchanga kwa mashine hadi chuma kitupu, kisha tupake rangi mpya. Mimi nasita, kwa sababu ningependa kwanza kujua lilitoka kiwandani lini na lilimtumikia nani. Nianzie wapi? Tena, je, inafaa nilirudishie injini ya AEC ya lita 9.6, iliyokuwa ya kawaida kwa modeli hii?

Spana_ya_zamani

Ndugu, mzuie fundi wako asiguse mashine ya mchanga. Bamba likipotea, namba ya chesisi huwa bado imegongwa kwenye chuma chenyewe, na alama hizo ni za kina kifupi mno kiasi kwamba mchanga au jiwe la kusagia huweza kuzifuta kwa dakika chache. Kagua reli zote mbili, yaani vyuma virefu vya pembeni mwa chesisi, ukianzia mbele karibu na vishikio vya springi. Lainisha rangi kwa dawa ya kutolea rangi, isugue kwa brashi isiyokwaruza, kisha zima taa na umulike tochi kwa ubavu, mwanga uteleze juu ya chuma. Namba ambayo mchana huioni kabisa hujitokeza kwa kivuli chake. Piga picha kabla ya kufanya jambo lolote jingine, wala usiigonge upya hata ikiwa imefifia, kwa sababu namba iliyogongwa upya hupoteza thamani yake kama ushahidi.

Usitarajie namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 17 kama ya magari ya sasa, kwa maana mfumo huo ulianza kutumika Marekani kwa modeli za mwaka 1981, na kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. Namba za AEC huanza na tarakimu za modeli, zikifuatiwa na namba ya mfuatano. Kiwanda cha AEC, kilichokuwa Southall, kilifungwa mwaka 1979, lakini AEC ilikuwa imeingia chini ya kampuni ya Leyland tangu 1962. Kwa hiyo waandikie British Commercial Vehicle Museum, makumbusho yaliyoko mji wa Leyland, Uingereza, ambako kuna hifadhi ya nyaraka za watengenezaji wa magari ya kazi.

Msasa_na_maji

Naongeza kuhusu rangi, maana hapo ndipo wengi huharibu bila kujua. Chagua sehemu ndogo ya mlango, isizidi ukubwa wa kiganja, uisugue kwa msasa laini na maji huku ukipanua duara taratibu, hadi rangi zote zionekane kama pete zilizozungukana. Ya katikati ndiyo ya kwanza. Sugua kwa maji tu, kamwe si kikavu, na uvae barakoa, kwani rangi za enzi hizo nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Fungua pia bawaba za milango na uangalie chini yake, mahali ambapo jua halikufika.

Jina la mwenye lori hupatikana hata baada ya kupakwa juu mara tatu. Rangi ya herufi huongeza unene, nayo hukinga rangi iliyo chini isichakae, hivyo ukimulika mlango kwa ubavu utaona ukingo wa herufi. Nakili kwa karatasi nyembamba na penseli. Ikiwa kabini yako ni ya mbao iliyofunikwa kwa alumini, mchanga mkali utaipinda hiyo alumini, na hutaweza kuinyosha tena.

Dizeli_taratibu

Kuhusu injini natofautiana na wanaodai kila kitu kirudi kama kilivyotoka kiwandani. Gardner 6LX ilitoka mwaka 1958, ikiwa na lita 10.45 na nguvu ya farasi 150. Ikiwa kumbukumbu zitaonyesha chesisi ni ya miaka ya mwanzo ya hamsini, basi kuna mtu aliyegharamia kuibadilisha ili lori liendelee kufanya kazi, na uamuzi huo ni sehemu ya historia unayoitafuta. Tazama vishikizo vya injini: matundu yaliyotobolewa kwa usafi na bolti zilizolingana ni kazi ya karakana yenye mpango, ilhali matundu yaliyokatwa kwa moto ni kazi ya dharura. Nakili pia namba ya injini. Mimi ningeiacha Gardner mahali pake.

Mwenye_lori

Nawashukuru sana. Jana usiku nilifanya kama nilivyoelekezwa, na kwenye reli ya kulia zimejitokeza tarakimu sita, mbili za mwisho zikiwa zimeliwa na kutu. Chini ya bawaba ya mlango kuna kijani kibichi ambacho hakionekani popote pengine. Mashine ya mchanga imesharudishwa kwa mwenyewe. Kesho naanza na mlango wa kushoto.