GM waliiua Pontiac kwa dhambi zao wenyewe, tuache kudanganyana

Wakuu, kila ikitajwa GM (General Motors, kampuni ya magari ya Marekani) ya 2009, ilipofilisika na kufuta baadhi ya chapa zake, lazima aibuke mtu na wimbo wake kwamba Pontiac ilikufa kwa kukosa wateja. Uongo mtupu! Mwaka 2008, hukohuko Marekani, Pontiac iliuza magari mengi kuliko Buick, chapa nyingine ya GM, tena kwa mbali. Iliyoachwa hai ni ipi? Buick, kwa sababu Wachina wanaipenda. Kibiashara naelewa. Basi semeni hivyo.

Kinachoniudhi hasa ni jinsi walivyoidhoofisha kwanza. Hii ndiyo chapa iliyotoa GTO ya 1964, injini ya V8 (silinda nane) ya inchi za ujazo 389, washindani wakabaki wanahangaika kutengeneza za kwao. Halafu mabosi wakaja kuipa nini? Chukua Pontiac G5, iegeshe kando ya Cobalt ya Chevrolet, chapa nyingine ya GM hiyohiyo. Bodi ileile, injini zilezile, dashibodi ileile. Wamebadilisha grili na taa, wakabandika nembo, haya lipa. Pontiac Torrent? Chevrolet Equinox hiyo. G3 ndiyo matusi kabisa: Chevrolet Aveo, kigari cha Daewoo ya Korea, kwenye chapa iliyojijengea jina kwa mwendo! Unamlisha mtu makapi miaka yote hiyo, halafu unamfukuza kazi kwa kukonda.

Na walipozinduka kidogo wakaagiza G8 kutoka Holden, tawi la GM la Australia (gari la maana lile, tairi za nyuma ndizo zinasukuma, na GT ina V8 ya lita 6.0), hawakuipa hata muda wa kuzoeleka. Februari 2009 wanaiambia serikali ya Marekani, iliyokuwa inawakopesha wasizame, kwamba Pontiac itabaki, japo ndogo. Tarehe 27 Aprili wanatangaza inafutwa. Miezi miwili na ushee!

Saturn, chapa nyingine ya GM, angalau ilitafutiwa mnunuzi, dili na kampuni ya Penske likavunjika. Saab, chapa yao ya Sweden, ikaenda kwa Spyker ya Uholanzi, japo nayo ilifilisika 2011. Pontiac ikafutwa tu. Holden yenyewe wakaja kuimaliza 2020.

Mtasema chapa zilikuwa nyingi na zinafanana. Sawa, GMC, chapa nyingine ya GM, inafanya nini hadi leo? Sierra yake na Silverado ya Chevrolet si pikapu moja yenye sura mbili? Ila ile ina faida nono, kwa hiyo kufanana kwake ghafla si kosa.

Anayebisha alete takwimu za mauzo za 2008 hapa, Pontiac na Buick, tuziweke bega kwa bega. Porojo za "haikuwa na wateja" sitajibu.